Gonga Mara Tatu, Subiri

Katika miaka ishirini na mbili ya kusuluhisha ugomvi wa wafanyabiashara, Bi Taratibu alikuwa ameshaona watu wakigombania kila kinachogombanika: mashine, jina la duka, njia ya kupitishia mizigo, hata mbwa wa kulinda ghala. Lakini hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuona watu wazima wawili, wenye akili zao timamu, wakigombania kutopewa. Jengo ni lao, halidaiwi na mtu, liko hatua chache tu kutoka soko kuu, lina vyumba vinne vya baridi vya kuhifadhia nyama na matunda. Na kila mmoja alikuwa tayari kwenda mahakamani ili jengo libaki kwa mwenzake.

Hilo jina la Bi Taratibu alipewa na mawakili, kwa utani, kwa sababu hakimbizwi na mtu. Wakili mmoja aliwahi kulalamika kwamba mama huyu anakunywa kikombe kimoja cha chai kwa saa nzima huku watu wanataka kuuana. Mwenzake akamwambia, ndiyo maana hawauani.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, korido moja yenye milango mitatu. Chumba cha kushoto anakaa mmoja, cha kulia anakaa mwingine, na cha katikati, kidogo kama stoo, ni chake mwenyewe: meza, kiti, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kazi yake yote ilikuwa kutembea kati ya milango hiyo. Anaingia, anamimina maji, anasikiliza mpaka mtu amalize ya moyoni, halafu anauliza swali lake moja linalojulikana na kila mfanyabiashara aliyewahi kukorofishana na mwenzake: "Na kingine?" Mtu anaongeza. "Na kingine?" Mara ya tatu au ya nne ndipo kinapotoka kile alichokuja nacho kweli. Akishakisikia, husimama mlangoni na kuuliza, "Nibebe nini, niache nini?" Anachoambiwa abebe hukipeleka chumba cha pili neno kwa neno, hakitii chumvi. Anachoambiwa aache, anakiacha, hata umbane vipi. Mumewe, mwalimu mstaafu anayependa habari za watu kuliko chakula, alikuwa ameshakata tamaa zamani. Kila jioni huuliza kazi ilikwendaje, na kila jioni hujibiwa, "Walikunywa maji."

Na alikuwa na tabia moja ndogo, ambayo yeye mwenyewe hakuihesabu kuwa ni kitu. Haingii chumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Anagonga mlango mara tatu kwa kifundo cha kidole, kisha anasubiri aitikiwe. Hata kama mlango uko wazi, hata kama ofisi ni yake. Aliona kwamba mtu anayekaribia kushindwa jambo anastahili walau kuulizwa kama yuko tayari.

Basi, hao wenye jengo. Kampuni ilianzishwa na marafiki watatu. Dalali ndiye aliyekuwa akitafuta wateja, mtu wa maneno, simu haibanduki sikioni. Mhasibu alishika hesabu na funguo, mwembamba, mkimya, anayevaa sweta hata jua likiwaka. Na Fundi ndiye aliyekuwa mtu wa mitambo. Vyumba vyote vinne vya baridi alivijenga yeye kwa mikono yake.

Fundi alikuwa amekufa. Miaka mitatu iliyopita, Jumamosi mchana, alifungiwa ndani ya chumba namba mbili, akakutwa Jumatatu asubuhi. Alikuwa ameingia kutengeneza kishikio cha kufungulia mlango kwa ndani, maana kilikuwa kimelegea, na alikutwa nacho mkononi. Uchunguzi ukasema ni kosa lake mwenyewe, kwamba aliingia bila kumwambia mtu; aliyefunga mlango hakujulikana. Kampuni ikatundika picha yake ukutani, pale wafanyakazi wanapoingilia. Amevaa ovaroli, anacheka, na chini yake pameandikwa kwa herufi nyekundu: UZEMBE HUUA.

Fungu lake kwenye jengo lilibaki kwa mkewe. Wale wawili hawakumtaja mahali popote kwenye makaratasi yao, wewe fikiria. Bi Taratibu ndiye aliyemwandikia, kwa sababu mapatano ya wenye mali watatu hayawezi kusainiwa na wawili. Jibu likaja kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule.

"Mama, mimi jengo silitaki na ugomvi siutaki. Nataka kuambiwa mume wangu alikufaje. Hakuwa mzembe. Binti yetu alikwenda pale na wanafunzi wenzake kujifunza mambo ya baridi, akakutana na picha ya baba yake ukutani, na wenzake wakaisoma kwa sauti. Kama hamna la kuniambia, msinihangaishe."

Bi Taratibu aliikunja barua ile akaitia kwenye pochi. Kazi yake haikuwa kutafuta nani kafanya nini. Kazi yake ilikuwa mapatano. Hilo alikuwa akiwaambia watu kila siku, na safari hii alijiambia mwenyewe mara mbili.

Hakimu alikuwa amewapa mpaka Ijumaa. Jumanne, saa tatu asubuhi, aliwakalisha wale wanaume wawili, Dalali kushoto na Mhasibu kulia, akawaomba mawakili wao wakanywe chai kwingine. Kisha akaenda chumba cha kushoto, akagonga mlango. Mara tatu, akasubiri.

Ndani glasi ilianguka. Alipoingia alimkuta Dalali amesimama katikati ya chumba, maji yamemmwagikia suruali yote.

"Samahani, ndugu yangu, nimekushtua?"

"Hapana, mama. Ni... huna kengele hapa?"

"Sina."

"Weka kengele," Dalali akasema, akikenua meno kama mtu anayetania. "Ofisi kubwa kama hii."

Alipohamia kulia na kugonga, hakuitikiwa. Akasubiri. Bi Taratibu anajua kusubiri, ndiyo biashara yake, lakini hapa alisubiri mpaka akaanza kusikia damu ikimpiga masikioni. Mwishowe akafungua taratibu. Mhasibu alikuwa ameegemea ukuta wa mbali kabisa, sweta limemlowa jasho kwapani.

"Ukija tena, mama," akasema kwa sauti ya chini, "ingia tu. Usigonge."

Watu wawili, vyumba viwili, hawajaonana tangu asubuhi. Bi Taratibu alimimina maji.

Siku nzima ile walimpa sababu. Dalali akasema jengo limechakaa. Mhasibu akasema barabara ya pale ina vumbi. Na kingine? Umeme unasumbua. Na kingine? Wafanyakazi siku hizi wagumu, hawataki kuingia chumba namba mbili, kimezimwa mwaka mzima sasa, hata mota imeng'olewa. Na kingine? Hapo wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walitazama mlango.

Alasiri alirudi chumba chake cha katikati kupumzisha miguu. Alikuwa amevua viatu, ameshika kikombe, anatazama ule ukuta wa jirani. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Mlango wake ukagongwa. Mara tatu, sawasawa, si kwa nguvu. Kisha kimya cha mtu anayesubiri.

"Karibu," akasema.

Hakuingia mtu. Akasema tena karibu. Akainuka, akafungua. Korido ilikuwa tupu kutoka mwisho hadi mwisho, na milango miwili ya pembeni imefungwa. Ukimuuliza Bi Taratibu atakwambia yeye si mtu wa kuamini mambo, na ni kweli, si mtu wa hivyo. Lakini aliweka kiganja juu ya mbao ya mlango, pale palipogongwa, akakiondoa haraka. Palikuwa baridi kama chupa ya maji iliyotolewa kwenye friji.

Akaenda kushoto. Dalali alikuwa ameketi, mikono yote miwili juu ya meza. "Nilikusikia ukigonga," akasema, "mbona hukuingia?" Akaenda kulia. Mhasibu akamtazama kwa lawama. "Nilikuomba usigonge, mama."

Jioni ile mumewe alipomuuliza kazi ilikwendaje, alikawia kujibu mpaka mzee akaweka gazeti chini.

"Walikunywa maji," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi sikunywa." Akaenda kulala mapema, na aliogopa, sioni haya kusema. Aliogopa kama mtoto.

Jumatano akaja na uamuzi. Hakugonga. Aliingia kwa Dalali, akavuta kiti karibu, akakaa naye bega kwa bega wakitazama dirisha moja, kwa sababu kuna mambo mtu hawezi kuyasema akitazamwa usoni. Huo nao ni ufundi, haufundishwi shuleni.

"Niambie kuhusu chumba namba mbili," akasema.

Dalali alianza kwa mizaha, akahamia kwa wateja, akazunguka mbuyu weee, na Bi Taratibu akamwacha azunguke. Na kingine? Na kingine? Karibu saa nne na nusu akafika.

"Mimi ndiye niliyefunga," akasema. "Jumamosi ile. Nilikuwa napita na simu sikioni, mteja ananigombeza, nikaona mlango wa namba mbili uko wazi nusu, baridi inatoka bure. Nikausukuma kwa nyonga. Komeo nikaliangusha kwa mkono huu. Sikugonga."

"Kugonga?"

"Ilikuwa sheria ya Fundi. Milango ile minene kama godoro, sauti ya mtu haipenyi, kunapenya kugonga tu. Kwa hiyo anayefunga anagonga mara tatu, anasubiri. Akijibiwa, hafungi. Sisi sote tulifanya hivyo miaka tisa, hata vyumba vikiwa vitupu, hata tukiwa na haraka. Siku moja tu sikufanya." Alikuwa analia bila sauti, mtu mzima yule. "Nimemuua rafiki yangu, mama, halafu nikamtundika ukutani na maneno yale. Na sasa ananigongea. Kila siku saa tisa na dakika ishirini. Nasikia peke yangu, wenzangu wanaendelea na kazi zao. Nimekuwa kichaa, nadhani. Siwezi kulichukua lile jengo. Mwenzangu alichukue, yeye ni safi."

Bi Taratibu aliinuka. Mlangoni akauliza kama kawaida, "Nibebe nini, niache nini?"

"Acha yote."

Akaacha yote. Akavuka korido, akaingia kwa Mhasibu bila kugonga, akavuta kiti, akakaa bega kwa bega. Mhasibu hakuhitaji kuzungukazunguka. Alikuwa mtu wa jumla na salio, akaenda moja kwa moja.

"Nilimsikia," akasema. "Fundi. Nilikuwa nimeshuka kutoka ofisini, funguo za geti mkononi, mke wangu ananingoja. Saa tisa na dakika ishirini, nilitazama saa. Namba mbili pakagongwa mara tatu. Nikasimama. Kimya. Nikahesabu kama nusu dakika. Pakagongwa tena mara tatu, halafu kimya. Nikasema ni barafu. Barafu hudondoka kwenye mabomba, hugongagonga hivyo, ni kawaida. Mtu aliyefungiwa angepiga kwa ngumi, si ndiyo? Angepiga mfululizo mpaka mlango ung'oke. Ile ilikuwa mara tatu tu, halafu kimya. Nikatoka, nikafunga geti." Akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Nilikuwa hatua sita kutoka mlangoni, mama. Nimezihesabu baadaye. Na mwenzangu hajui. Yeye hana kosa lolote, basi walau yeye aweze kukaa na jengo. Mimi nikiwa mle nasikia bado. Nasikia peke yangu."

"Nibebe nini, niache nini?"

"Ukibeba hilo, mimi nitajitupa kutoka dirisha hili."

Sasa wewe jiweke mahali pa mama huyu. Yuko katikati ya korido, siri ya kushoto kifuani, siri ya kulia kifuani, na pochini barua ya mwanamke anayetaka neno moja tu. Sentensi moja ingetosha. Angeingia kwa yeyote kati yao na kusema, hukuwa peke yako, na yule mtu angepumua kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Alitamani kuisema mpaka ulimi ukamuwasha. Na alikuwa na hasira nao pia, hasira hasa, kwa picha ile na maneno yale mekundu. Lakini neno alilopewa lilikuwa amana, na siku atakayolitoa ndiyo siku ambayo hakuna mtu atakayemwambia kitu tena katika vyumba vile. Akaingia katikati, akaketi, akakunja mikono. Saa tisa na dakika ishirini alasiri mlango wake ukagongwa mara tatu.

Safari hii hakusema karibu. Alikaa akausikiliza ule ukimya uliofuata, na akatambua kitu ambacho angepaswa kukitambua jana. Ukimya ule haukuwa wa hasira. Anaujua ukimya wa hasira, ndio unaomlisha. Huu ulikuwa wa mtu mwenye adabu, anayengoja zamu yake.

Alirudi kwa kila mmoja na maneno yaleyale. "Ulichoniambia sitakibeba. Lakini wewe unaweza kukibeba mwenyewe. Kesho saa tisa kamili tunakutana kwenye jengo, mbele ya namba mbili. Nitamwita na shemeji yenu." Walikataa. Akasubiri. Walikataa tena, kwa unyonge kidogo. Akawamiminia maji. Ilipofika saa kumi na moja walikuwa wamekubali, na hakuna kati yao aliyejua ni kwa nini.

Alhamisi walifika kila mtu na gari lake. Wafanyakazi walikuwa wamepewa ruhusa ya nusu siku. Ndani, korido ndefu ya saruji ilikuwa na milango minne mikubwa ya bati, mitatu ikinguruma taratibu, na mmoja kimya. Bi Taratibu alipanga viti vinne vya plastiki mbele ya ule uliokuwa kimya.

Mke wa Fundi alikuja wa mwisho. Mwanamke mfupi, wa miaka arobaini na kitu, kitambaa cha kijani kichwani, hatua za mtu asiyetaka kupendeza mtu. Kwapani alikuwa na picha ya mumewe. Alikuwa ameitungua mwenyewe pale mlangoni, msumari na vyote, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

"Shemeji," Dalali akasema, akiinuka.

"Kaa tu, shemeji," akajibiwa.

Wakakaa. Bi Taratibu hakuwa na karatasi wala kalamu. "Kwa kawaida mimi hubeba maneno ya watu," akasema. "Leo sibebi kitu. Kila mtu na mzigo wake." Akanyamaza, na akawaacha wanyamaze. Mhasibu alikuwa akitazama saa yake ya mkononi. Dalali alikuwa akitazama viatu. Dakika zikapita, mitambo ya jirani ikinguruma.

Saa tisa na dakika ishirini, ndani ya chumba kile kitupu kisicho na mota wala waya, mlango ukagongwa. Mara tatu. Kimya.

Wale wanaume hawakuinua vichwa. Walikuwa wameshajizoeza hivyo, kila mmoja akidhani ni kichwa chake kinachocheza.

"Nani amesikia?" Bi Taratibu akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia nani anataka maji.



"Mimi nimesikia," akasema mke wa Fundi.

Hapo ndipo Dalali alipogeuka akamtazama mwenzake, na mwenzake akamtazama. "Na wewe?" Dalali akanong'ona. "Na wewe unasikia?"

"Kila siku," akasema Mhasibu. "Nilidhani ni mimi tu. Kwa sababu..."

"Kwa sababu nini?" Dalali akasema. "Wewe una nini? Mimi ndiye niliyefunga. Nilifunga na simu sikioni, sikugonga. Ni mimi, shemeji. Si yeye, wala si Fundi. Ni mimi."

Na Mhasibu, mtu aliyeahidi kujitupa dirishani, akaanza kuzungumza kabla mwenzake hajamaliza. Akasema yote: funguo, mke anayengoja, barafu, hatua sita. Dalali alikuwa amejifunika uso. Miaka mitatu walikaa meza moja wakinywa chai, kila mmoja akimwonea mwenzake wivu kwa usafi wake.

Mke wa Fundi hakulia. Alimgeukia Mhasibu, akamuuliza swali moja tu.

"Aligongaje?"

"Mara tatu, shemeji. Akanyamaza. Halafu mara tatu tena."

"Hakupiga kelele."

"Hakupiga. Ndiyo maana nikadhani..."

"Kitasa cha choo chetu kilikuwa kibovu," mke wa Fundi akasema. "Watoto walikuwa wakijifungia humo kila mara, wanalia, wanapiga mlango kwa mateke. Yeye ndiye aliyewafundisha. Aliwaambia, ukipigapiga ovyo unaishiwa nguvu, na watu hudhani ni upepo. Gonga mara tatu, nyamaza, subiri. Aliye nje ni mtu wako. Atakusikia, atakuja." Akaikumbatia ile picha. "Alikuwa anawasubirini."

Bi Taratibu amesikia maneno mengi mazito katika kazi yake. Hapo alitazama sakafu, akashindwa kuinua macho.

Ndani pakagongwa tena. Mara tatu, kisha ule ukimya wa adabu.

"Nifungulieni," akasema mke wa Fundi.

Mhasibu aliinua komeo, Dalali akauvuta mlango mzito. Ndani mlikuwa na giza na rafu tupu, hakuna mtu, lakini baridi iliyotoka iliwapiga usoni kama mota haijawahi kung'olewa. Mke wa Fundi akaingia. Alipofika katikati akageuka.

"Sasa fungeni."

"Shemeji, hapana," akasema Dalali.

"Fungeni. Na komeo mliangushe. Nataka nijue alichokijua yeye."

Wakamtazama Bi Taratibu. Naye akamtazama yule mwanamke mlangoni kwa muda mrefu, akamuuliza, "Una hakika, mdogo wangu?" na alipoona ana hakika, akakubali kwa kichwa. Ilimuuma kukubali. Mlango ukafungwa, komeo likaanguka.

Walisimama watatu wakitazama bati. Hakuna aliyekaa. Mitambo ya pembeni ilikuwa imetulia yote kwa pamoja, na palikuwa kimya hata pumzi ya Mhasibu ilisikika ikikwamakwama.

Pakagongwa. Mara tatu.

Ile ya tatu haijaisha vizuri, wale wanaume wawili walikuwa wameshalirukia komeo pamoja, mikono ikagongana, wakakwaruzana vidole, damu ikatoka na hawakuiona. "Tupo!" Dalali akapaza sauti, machozi yakimtiririka, "Tupo hapa, tumesikia, tunafungua!" na Mhasibu naye akisema, "Nakuja, nakuja, nakuja," wakauvuta mlango kwa nguvu mpaka ukagonga ukuta.

Mke wa Fundi alikuwa mbali, mwisho kabisa wa chumba, hatua kumi kutoka mlangoni, mgongo umeegemea ukuta na mikono yote miwili imeikumbatia picha. Akawatazama wale wawili waliojazana mlangoni, wakihema.

"Mimi bado sikuwa nimegonga," akasema. "Lakini leo mmemjibu."